Migahawa ya Kimeksiko Marekani: mnaandika "bila nyama" halafu mnatukaangia maharage kwa mafuta ya kitimoto!

Wakuu, salamu kwanza. Nimeegesha lori hapa Oklahoma City, saa saba usiku, usingizi haupo na hasira ninayo tangu jana. Uzi ni mrefu, mnivumilie. Asiye na muda ashike hili moja kisha akalale: maharage ya kuponda kwenye migahawa mingi ya Kimeksiko huku Marekani yanakaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Hawakuambii mpaka uulize, na ukiuliza vibaya hawakuambii vilevile.

Kwa wasionijua, mimi ni mtu wa Tanga, Mwislamu, dereva wa lori kwenye barabara ya I-35. Napakia Laredo, mpakani na Meksiko, napandisha San Antonio, Austin, Dallas, hapa Oklahoma City, Kansas City, hadi Minneapolis ninakoishi. Mwaka wa nne huu. Kwenye njia hiyo mgahawa wa Kimeksiko ni kama kibanda cha chipsi mayai kwetu, huwezi kuukosa. Na kwa mtu anayeogopa nyama isiyochinjwa, niliuona ndio mkombozi. Burger siwezi, kuku wa kukaanga siwezi, lakini kwa hawa jamaa kuna maharage, jibini, wali, parachichi la kuponda, na salsa ambayo ni kachumbari iliyosagwa ikatiwa pilipili ya maana. Siku ya kwanza San Antonio nilipofunua kile kitambaa nikakuta tortilla za ngano zinafuka moshi, nilimpigia simu mke wangu hapohapo. "Mama Rukia, huku kuna watu wanakula chapati na maharage asubuhi!" Akacheka, akasema basi umeshafika nyumbani.

Ndiyo ikawa staftahi yangu. Taco mbili, yaani tortilla iliyokunjwa na kujazwa, za maharage na jibini, kahawa nyeusi, naondoka. Kila nikipita San Antonio, na nikipita Austin vilevile, maana Austin nao wanajigamba kwamba taco za asubuhi ni za kwao na wanagombana na San Antonio kuhusu hilo kama Simba na Yanga. Miaka minne. Hesabu ya taco fanyeni nyinyi, mimi nikiifanya kichwa kinaniuma.

Sasa jana. Mgahawa uleule wa San Antonio, jina silitaji. Meza zilijaa, nikakaa kaunta, na ukiwa kaunta unaona jikoni moja kwa moja. Mpishi, mzee mfupi mwenye kofia ya besiboli, alikuwa na kikaango kipana kama sinia la pilau. Akachota kwenye ndoo kitu cheupe pe, kizito, kama samli iliyoganda msimu wa baridi. Donge likateleza kwenye kikaango, likaanza kuyeyuka pembeni huku katikati limesimama. Akamwaga maharage ya kuchemsha juu yake, yakapiga kelele, akaanza kuyaponda. Nikajisemea kumbe watu hawa wana samli! Wallahi nilifurahi. Nikanyoosha shingo nisome ndoo nijue ni samli ya wapi. Imeandikwa MANTECA DE CERDO. Hiyo manteca nikadhani siagi. Cerdo nikaitia kwenye simu initafsirie.

Nguruwe.

Taco ya kwanza nilikuwa nimeshaimaliza. Ya pili imebaki nusu, mkononi.

Mwenzangu tunayepokezana usukani, jamaa wa Bukavu, aliona uso umenibadilika. Nikamwonyesha simu. Alicheka mpaka akakohoa, maana yeye mlokole na kitimoto kwake ni sikukuu. "Kaka, utakufa na njaa juu ya maharagi?" Simlaumu. Ila safari nzima toka hapo hajanisikia nikiongea.

Nikamwita mhudumu. Ni mama wa makamo, ananijua, kila nikiingia ananiita "mijo", yaani mwanangu. Nikamwonyesha menyu yao, maharage na jibini yapo chini ya kichwa kinachosema bila nyama. Nikamuuliza, mbona mnakaangia mafuta ya nguruwe? Akaniangalia kama nimemuuliza kwa nini maji yana unyevu. "Hayana nyama, mijo. Ni mafuta tu."

Ni mafuta tu! Na tortilla za ngano? "Kidogo tu, ndiyo zinalainika." Kwa hiyo hata chapati niliyomsifia mke wangu imo ndani. Akaja meneja, kijana mpole, akataka kunipoza kwa sopapilla za bure, yale maandazi yao yanayovimba na kumwagiwa asali. Nikamuuliza zinakaangwa kwa mafuta gani. Akatazama jikoni. Akanitazama mimi. Akasema ngoja nikuletee kahawa nyingine.

Leo mchana Dallas nikasema hapana, hapa nauliza kabla sijakaa. Huu ulikuwa mgahawa mkubwa, wenye matawi, menyu ina picha na kila sahani ina namba ya kalori. Enchilada za mchicha, yaani tortilla zilizoviringwa zikamwagiwa mchuzi, zimewekewa alama ya jani la kijani, maana yake ni za wasiokula nyama. Binti akanihakikishia. Nikauliza wali wa pembeni, akaenda kuuliza. Umepikwa kwa supu ya kuku. Maharage? Akaenda tena. Mafuta ya nguruwe. Sasa jani la kijani ni la nini, nikamuuliza. Akasema, na kosa si lake maskini, kwamba jani ni la enchilada, halihusu vitu vya pembeni. Sahani ni moja, bei moja, vinaletwa pamoja, mchuzi wa kimoja unaingia kwenye kingine, lakini jani linahusu theluthi ya sahani!

Hapo ndipo damu ilinichemka. Tangu Mei 2018 sheria ya Marekani inaibana migahawa yenye matawi 20 au zaidi iandike kalori kwenye menyu. Kwa hiyo mgahawa ule unajua vilivyomo kwenye maharage yangu mpaka kwenye kijiko cha mwisho, umevipima, umevipigia hesabu, ukaandika namba. Namba hiyo ndani yake kuna nguruwe. Nguruwe mwenyewe hawakumwandika. Vyakula vya paketi navyo, tangu sheria ya 2004, lazima vitaje maziwa, mayai, samaki, kamba na jamaa zake, karanga, korosho na wenzake, ngano na soya, na mwaka 2023 ukaongezwa ufuta. Najua hiyo ni sheria ya mzio, mtu asije akafa, na nguruwe hasababishi kifo. Lakini nenda duka lolote la vyakula ukachukue kopo la maharage ya kuponda, la bei rahisi kuliko yote. Geuza nyuma. Utakuta lard imeandikwa waziwazi, ndivyo Waingereza wanavyoyaita mafuta hayo. Kopo la pembeni yake halina, nalo linakwambia halina. Kopo linanieleza, mgahawa wenye viyoyozi na mhudumu mwenye tabasamu haunielezi.

Na nikimaliza kula wananigeuzia kile kikompyuta kinachouliza bakshishi nitoe asilimia 20, 22 au 25. Ukipanda kaskazini kule Minneapolis hata vile vipande vya mahindi vya kukaanga, ambavyo Texas vinakuja bure na salsa kabla hujaagiza, unalipia. Hilo naweza kulinyamazia. Wizi wa dola sita ni wizi wa dola sita.

Kuna wale watakaoniambia ni asili yao, chakula cha mababu, usiende kwa watu ukawafundisha kupika. Meneja wa San Antonio aliniambia hivyohivyo. Haya, tuongee asili. Nguruwe Meksiko aliletwa na Wahispania karne ya 16. Kabla ya hapo wenyewe walikuwa na mahindi, maharage, nyanya, pilipili na parachichi, na maharage yalichemshwa. Hiyo frijoles refritos, ndiyo haya maharage ya kuponda na kukaanga, ni mpya kuliko maharage yenyewe. Na hiki cha Texas ndiyo kabisa, kimebadilishwa kila walipojisikia. Nachos, vile vipande vya mahindi vya kukaanga na jibini juu, zilibuniwa miaka ya 1940 Piedras Negras, mji wa Meksiko ulio mpakani na Texas, na Ignacio Anaya, wateja wamekuja mpishi hayupo, akachukua kilichokuwepo akamwagia jibini. Fajita, yaani vipande vya nyama ya kuchoma vya kula na tortilla, zilipata umaarufu Houston kwa mama Ninfa Laurenzo aliyefungua mgahawa wake mwaka 1973. Dallas, 1971, Mariano Martinez aligeuza mashine ya aiskrimu laini kuwa ya kutengenezea pombe yao ya margarita, na mashine hiyo leo iko kwenye makumbusho ya taifa Washington. Jibini la njano la kiwandani linayeyushwa linaitwa queso na watu wanalifurahia. Yote hayo sawa, hakuna aliyelia asili. Asili inakumbukwa ikifika kwenye ndoo ya mafuta.

Na wala siwaambii waache. Wapike wanavyopika, mafuta ni yao. Waandike tu.

Maana wapo wanaosema ukweli, na mara nyingi ni wale wenye duka dogo kuliko wote. Mwaka jana Kansas City, upande ule wa jimbo la Kansas kwenye mitaa iliyojaa taco, niliona kwenye gari moja la chakula bonge la nyama linazunguka kwenye chuma cha wima, moto pembeni, nanasi limechomekwa juu. Nikasema shawarma! Mate yakanijaa. Na sikukosea sana, maana nyama hiyo, wenyewe wanaiita al pastor, inatokana na shawarma ya Walebanoni waliohamia Meksiko, walianza nayo Puebla kwa nyama ya kondoo. Ila njiani kondoo akawa nguruwe. Mama aliyekuwa anauza aliangalia kofia yangu ya vito, akaweka kisu chini, akatikisa kidole. "No, no, señor. Puerco." Akanionyesha nyama ya nguruwe, akanionyesha maharage, kote kidole kinatikisika. Kisha akanipa mahindi ya kuchoma yaliyopakwa ndimu na pilipili, akasema hayo ndiyo yangu. Kingereza hajui, mimi Kihispania sijui, menyu yenyewe imeandikwa kwa mkono kwenye kipande cha boksi. Na nimeelezwa kila kitu ndani ya nusu dakika.

Na halali nayo inawezekana kwa anayetaka. Ramadhani ya 2017 kule Santa Ana, California, Waislamu na Walatino walianzisha utaratibu wa kuleta magari ya taco za halali misikitini watu wafuturu. Foleni si mchezo.

NYONGEZA, saa kumi alfajiri: nimesoma majibu yenu.

Mkuu uliyesema "kama hutaki pika nyumbani", nyumba yangu ina magurudumu 18. Jiko ninalo, dogo la umeme, na ndilo nitakalotumia kuanzia leo, lakini usinijibu kana kwamba tatizo ni mimi kuwa na njaa.

Dada uliyeandika kwamba ni Msabato na umekula burrito za maharage Houston miaka sita, pole sana. Ndiyo maana nimeleta huku badala ya kundi letu la msikitini. Hili linawahusu Wasabato, Wahindi, Wayahudi, wasiokula nyama, na yeyote daktari aliyemkataza mafuta hayo.

Aliyeuliza kuhusu dhambi: nimempigia sheikh wetu baada ya swala ya alfajiri. Kasema aliyekula bila kujua hana lawama. Nikashukuru. Kisha akaongeza, "Lakini sasa umejua," nikamwambia ndiyo hilo linaloniuma, sheikh.

Kwa wanaotaka namna ya kuuliza. Msiulize "kuna nyama?" watasema hapana na watakuwa hawajadanganya. Msiulize "kuna mafuta?" Ulizeni hivi: ¿Lleva manteca de puerco? Neno manteca peke yake halitoshi, kuna manteca vegetal ambayo ni mafuta ya mimea yaliyogandishwa, hiyo haina neno. Mantequilla ndiyo siagi. Tortilla ya mahindi kwa kawaida ni mahindi, maji na chokaa basi, ya ngano ndiyo ya kuuliza. Tamale, yale madonge ya unga wa mahindi yanayofungwa kwenye majani na kupikwa kwa mvuke, ziogopeni, unga wake mara nyingi hupigwa na mafuta hayohayo. Maharage yakiitwa charros msijisumbue hata kuuliza, mle mna bekoni au soseji inaelea. Na wali ulizeni supu.

Nasubiri mzigo upangwe, kesho kutwa nashuka tena Laredo. Mwenye kujua mgahawa popote kati ya Laredo na Minneapolis ambao umeandika kwenye menyu yake maharage yanakaangwa kwa nini, aweke hapa mji na barabara. Msiniletee "nadhani hawatumii". Nataka waliouliza jikoni wakajibiwa.