Tupeane uzoefu: ajali za kazini, na nani mwenye wajibu wa kuzizuia?

Mleta mada, Nakuru: Mdogo wangu aliajiriwa hivi majuzi katika kiwanda kimoja cha hapa mjini, na mshahara wake wa kwanza umekatwa fedha za buti na glavu. Alipouliza, msimamizi alimjibu kwamba usalama wa mfanyakazi ni juu ya mfanyakazi mwenyewe. Maneno hayo niliyasikia sana ujanani, nikadhani yalikwisha. Huko kwenu hali ikoje?

Fundi wa Kondele: Katika mijengo ya Kisumu, kofia ngumu huonekana siku ambayo mkaguzi anatarajiwa. Akishaondoka, hurudishwa stoo.

Karani mstaafu, Kakamega: Makato hayo hayana msingi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na inamkataza kumtoza mfanyakazi kwa kitu ambacho sheria hiyo inamtaka akitoe. Wajibu wa mfanyakazi ni kuvivaa akishapewa.

Kibarua wa zamani, ukanda wa miwa: Mada hii imenikumbusha jambo ambalo si rahisi kulisimulia. Tulitumwa kusafisha tanki la molasi lililokuwa limekwisha kumwagwa, likabaki na masalio chini, na masalio hayo yalikuwa yamechacha kwa muda mrefu. Hakuna aliyetueleza kwamba molasi ikichacha hutoa gesi ya kaboni dioksidi, ambayo ni nzito kuliko hewa na hutuama chini bila rangi wala harufu ya kumwonya mtu. Kijana wa kwanza aliteremka kwa ngazi huku akitutania, na kabla hajaanza kukwangua tulimwona akikaa chini polepole, kisha akalala. Mwenzake aliruka akamfuata, naye akaanguka juu yake. Wa tatu alikuwa tayari ameshika ngazi, nami nilikuwa nyuma yake, wakati mzee mmoja wa boila alipomkamata mshipi akamvuta nje, akatufokea kwamba atakayeingia atamzika yeye mwenyewe. Kamba ilitolewa kwenye trela la miwa. Aliyeingia mwisho alitolewa akiwa hai. Yule wa kwanza hakuamka. Kabla ya jua kutua, nyapara alikuja na karatasi iliyosema kwamba waliingia bila ruhusa, akatutaka tutie sahihi.

Dereva wa Webuye: Poleni sana. Hata hivyo, lazima tuseme ukweli: huyo wa pili alijiponza mwenyewe.

Mama wa Naivasha: Ndugu Dereva, tumia staha. Mtu anayemwona mwenzake akianguka hasimami kupiga hesabu. Wa kulaumiwa ni aliyewatuma bila kupima hewa, bila kamba viunoni na bila mtu wa kuwashikia ncha ya kamba hiyo nje.

Dereva wa Webuye: Sikumtukana mtu, mama. Nilisema kwamba hata sisi wafanyakazi tuna wajibu.

Mama wa Naivasha: Tunao, na tunapojaribu kuutimiza tunaonyeshwa geti. Katika nyumba za maua tulikokuwa tukifanya kazi, kibendera chekundu kilikuwa kikiondolewa mapema ili tuingie kuchuma kabla dawa iliyopulizwa haijatulia. Tulipokataa, tuliambiwa kwamba wanaotaka nafasi zetu wamejaa nje. Sheria inasema mfanyakazi akiripoti hatari kubwa asilazimishwe kurudi pale hadi irekebishwe, lakini sheria haikuwa ikisimama nasi mlangoni.

Fundi wa Kondele: Mzee wa miwa, je, mlitia sahihi?

Kibarua wa zamani, ukanda wa miwa: Wawili walitia. Wengine tulikataa.

Mwanachama wa Kericho: Usitie sahihi kamwe.

Mpakiaji wa Kibos: Mimi ninashauri utie, kisha uandike chini yake kwamba hukubaliani, na upige picha kwa simu.

Mwanachama wa Kericho: Kwetu simu huachwa getini, labda uichore hiyo karatasi.

Dereva wa Webuye: Isitoshe, kibarua asiye na mkataba hana fidia.

Karani mstaafu, Kakamega: Hapo umepotoka, bwana. Mkataba wa mdomo nao ni mkataba. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri amkatie mfanyakazi bima, amripotie mkurugenzi wa serikali wa usalama na afya kazini ajali ndani ya siku 7, na akifa mtu, ndani ya saa 24. Madai nayo yawasilishwe ndani ya miezi 12. Kinachowashinda wengi ni kuthibitisha kwamba waliajiriwa.

Kibarua wa zamani, ukanda wa miwa: Ndivyo ilivyokuwa. Familia ya kijana yule haikuwa na karatasi yoyote, na kilichowasaidia ni daftari la mahudhurio, kwa kuwa karani alikuwa ameandika majina yake yote matatu asubuhi ile.

Fundi wa Kondele: Karani wetu ameniandika "Mrefu". Kesho nitaanzia kwake kabla sijapanda jukwaa.