Tupeane uzoefu: Unamtambua nani kabla hujamwona?

Mleta mada
Wana jamvi, salaam. Jana usiku taa zilizimika, nikabaki kitandani gizani nikisikiliza watu wa nyumbani wakipita. Kila aliyepita nilimjua. Kifungua mimba wangu anaburuta kandambili. Mdogo wake kisigino hakigusi sakafu, ananyata kama anayewinda. Baba yao hukohoa mara moja kabla hajashika kitasa, na sidhani kama mwenyewe anajua. Hakuna aliyenifundisha haya. Nikawaza, ni mangapi tunayajua kuhusu watu wetu bila kujua kwamba tunayajua? Tupeane uzoefu.

Funguo za Baba
Kwetu zilikuwa funguo. Zikiingia tunduni mara moja, tulijua siku imemwendea vizuri baba, tukamkimbilia sote. Zikigongagonga kitasa zikitafuta tundu, mama alitukonyeza, tukampokea mkoba na kumwacha akae kwanza. Hakuwahi kusema amechoka, nasi hatukuwahi kumweleza tulivyojua. Baba ametangulia mbele ya haki. Mwaka huu jioni moja nimerudi kazini, nikahangaika na mlango wangu mwenyewe. Nilipoufungua, binti yangu wa miaka saba alikuwa amesimama ananyoosha mikono apokee begi. Hakusema neno. Nilikaa sebuleni nikalia, na sikuweza kumweleza kwa nini.

Mpangaji wa Chini
Juu yangu anaishi mzee peke yake. Miaka yote nilizoea hatua zake mbilimbili. Siku moja nikasikia tatu: mguu, mguu, halafu mlio mkavu wa kitu kikigonga sakafu. Nikajua ameanza kutembelea fimbo, kabla sijamwona nayo. Nilipanda nikabisha hodi, nikamuuliza kama maji yanatoka kwake, maana sikujua niseme nini kingine. Tangu siku hiyo takataka zake nashusha mimi. Hajauliza nilijuaje.

Mkunga Mstaafu
Jambo hili tunalianza kabla ya kuzaliwa, wanangu. Miezi ya mwisho mtoto anasikia akiwa tumboni. Mwaka 1980 watafiti DeCasper na Fifer walionyesha kuwa kichanga asiyezidi siku tatu hubadili namna anavyonyonya chuchu bandia, ili apate kusikia sauti ya mama yake badala ya sauti ya mwanamke mwingine. Mimi nimeyaona kwa macho. Mtoto analia mikononi mwangu, mama anasema neno moja kutoka kitandani, na kilio kinakatika.

Nilimkosea Jirani
Mimi masikio yalinigombanisha na mtu. Kila usiku redio ya jirani ilinijia kama iko chumbani kwangu, nikaamini anaipandisha makusudi. Tulinuniana miezi. Kumbe usiku mtulivu, hewa ya karibu na ardhi inaweza kupoa kuliko ya juu yake, na sauti ambayo ingepotelea angani ikapinda kurudi chini. Mchana nako makelele mengine yalikuwa yakiifunika. Redio ilikuwa palepale siku zote. Nilimwendea dada yule nikamwomba radhi, naye siku ileile akaihamishia ukuta wa pili. Bado inaniuma kwamba niliacha kumsalimia kwa jambo ambalo hakulifanya.

Kitinda Mimba
Mama yangu alitutambua sote sita kwa hatua. Sasa uzee umempunguzia masikio, na mara nyingi uzee huanza na sauti nyembamba. Ndiyo maana mimi mwenye sauti nzito ananisikia, lakini mjukuu wake hamsikii. Mtoto alidhani bibi amemnunia, akaacha kwenda kwake. Tulipomweleza, alibuni njia yake: anamgusa mkono kwanza, anasubiri ageuke, ndipo anaongea. Hakuna mtu mzima nyumbani aliyekuwa amefikiria hilo.

Mleta mada
Nimesoma yote, mengine mara mbili. Mpangaji wa Chini, mzee hajambo?

Mpangaji wa Chini
Hajambo. Ninapoandika hapa ndiyo anaelekea dirishani.