Mliopitia magumu, na mnaosomea unasihi: nani alikushika mkono? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni. Namalizia shahada ya saikolojia, niko mafunzo kwa vitendo kwenye kituo kimoja cha vijana huku Temeke. Darasani tulisoma utafiti wa Emmy Werner kule Kauai, Hawaii: watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955, wakafuatiliwa hadi utu uzima. Kati ya waliokulia kwenye dhiki na ugomvi wa nyumbani, kama theluthi moja walikuja kutulia vizuri tu na maisha yao. Wengi wao walikuwa na walau mtu mzima mmoja aliyewajali bila kuwachoka, hata kama si mzazi. Sasa nataka ya hapa Dar. Na nyie wanafunzi wenzangu, nani anawashika nyie? Msitaje majina ya watu.

Kijana wa Manzese
Mama alifariki nikiwa darasa la sita. Baba mdogo aliyenichukua ni mtu wa pombe. Jirani yetu alikuwa mama ntilie. Jioni namwoshea masufuria, ananipa ukoko na maharage, kisha ananiambia nisome kwa sauti nilichoandika shuleni huku yeye anachambua mchele wa kesho. Mwenyewe kusoma hajui, lakini nikiruka mstari ananidaka, hadi leo sijui alikuwa anajuaje. Nisipotokea, anamtuma mtoto kuniulizia. Watu wanasema sisi wa Manzese tumezaliwa sugu. Usugu gani? Kuna mtu alikuwa anauliza niko wapi, basi.

Dada wa fildi
Kituo nilichoanzia, sikitaji, msimamizi alikuwa anasaini daftari la mafunzo bila hata kulifungua. Nasikiliza binti anasimulia alivyofanyiwa na mjomba wake, natoka, napanda mwendokasi, nashuka Kimara simkumbuki hata aliyekaa pembeni yangu. Usingizi hakuna. Nikaomba kuhamishwa. Huyu mama niliyenaye sasa swali lake la kwanza kila Ijumaa ni "umekula?" Baada ya hapo ananiuliza, katika niliyosikia wiki hii, lipi ni la mteja na lipi limegusa kidonda changu mwenyewe. Hapo ndipo huwa nalia, na yeye ananiacha nilie. Vyuo vingi vinahesabu saa tulizokaa na wateja. Saa za sisi kusikilizwa sijui anazihesabu nani.

Mzee wa Kariakoo
Vijana mnadeka. Zamani tulikaza tukapita.

Mnywaji wa dozi
Shikamoo mzee wangu. Na mimi nilikaza miaka na miaka, nikakazia kwenye unga. Huduma ya methadoni, dawa ya kunywa inayosaidia kuacha heroini, ilipoanza Muhimbili mwaka 2011 nilidhani ni ya watu wengine, nikachelewa sana kwenda. Dozi unainywa palepale dirishani, nesi anakuangalia, na kesho unarudi. Dawa imenisaidia, sikatai, ila foleni ile ya asubuhi nayo ni tiba. Tunataniana, tunagombea kivuli, na usipoonekana wenzako wanakufuata hadi maskani. Hao waliokaza na wewe zamani, mzee, wote walipita?

Mzee wa Kariakoo
Marahaba. Hapana, si wote.

Nesi mstaafu
Zimbabwe tangu 2006 Dk. Dixon Chibanda alianza kuwafundisha mabibi wa mtaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Mgonjwa anataja shida zake, anachagua moja ya kuanza nayo, wanapanga hatua, wiki ijayo anarudi kueleza imekuwaje. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha sonona ilipungua kweli. Benchi tunazo kila kibaraza, na mabibi tunao, tena wambeya wa kutosha! (Umbea ndio ufundishwe kwanza kuachwa.)

Mama wa Mbagala
Samahani mleta mada. Mdogo wangu ana miaka 19, tangu matokeo ya kidato cha sita hatoki chumbani, chakula anasukuma pembeni. Nikimwambia kituo anasema yeye si kichaa. Nifanyeje?

Mleta mada
Pole dada. Usimlazimishe, njoo wewe kwanza uniambie yeye ni nani, anapenda nini. Ila muulize wazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, mpelekeni hospitali leo leo. Nimekutumia ujumbe pembeni.