PhD au PsyD kwa anayetaka saikolojia ya mahakamani, Marekani?

Mtafutanjia: Wakuu, heshima kwenu. Nina barua mbili za kukubaliwa, na mwisho wa kujibu ni tarehe 15 Aprili. Moja ni PhD (uzamivu wenye uzito wa utafiti) ya saikolojia ya tiba, nyingine ni PsyD (uzamivu unaoelemea vitendo) ambayo kipeperushi chake kimejaa neno forensiki, yaani ya mahakamani. Nichukue ipi?

Kizimba: Hujasema kitu. Unataka kutibu wafungwa au kuandikia mahakama ripoti? Nani analipa ada? Hiyo PsyD ina ithibati ya APA, chama cha wanasaikolojia wa Marekani?

Mtafutanjia: Ripoti za mahakama. PhD wanafuta ada na kunipa posho, ila profesa anayenipokea anatafiti unyogovu. PsyD najilipia. Ithibati wanasema iko njiani.

Mama Ripoti: "Iko njiani" ndiyo nini? Omba barua yenyewe uisome. Programu iliyotangaza tu nia ya kuomba haina ithibati. Iliyopewa ithibati ya masharti inayo, japo muda wake una kikomo. Ipo programu moja, jina niliache, iliyowalisha wanafunzi wake maneno hayo hayo. Walipofika mwaka wa intaneshipu, yaani mafunzo ya vitendo kabla ya kuhitimu, wakakuta vituo vingi vyenye ithibati, vikiwemo vya hospitali za maveterani, vinataka mwombaji atoke programu yenye ithibati. Wakaishia vituo visivyo na ithibati, vingine bila malipo. Kwenye leseni, bodi ya jimbo ikadai silabasi za kila somo na uthibitisho wa saa za usimamizi, na wasimamizi wengine walishahama. Mkopo nao ulikuwa unazaa riba muda wote huo. Halafu kumbuka APA haina ithibati ya forensiki peke yake katika ngazi ya uzamivu. Inathibitisha tiba, ushauri nasaha na shule. Neno la kwenye kipeperushi halina uzito bodini.

Daktari Mtarajiwa: Naona mnaionea PsyD. Ilipata nguvu kwenye mkutano wa wanasaikolojia wa Vail mwaka 1973 kwa sababu mtindo wa mafunzo wa Boulder wa 1949 ulielemea utafiti. Anayetaka kazi ya vitendo ana haki ya kuichagua, na zipo PsyD zenye ithibati na matokeo mazuri. Wakili hatakuuliza herufi za shahada, atakuuliza mbinu yako.

Kizimba: Hapo sawa. Ila mbinu unaipata kwenye vituo vya mafunzo. Mtafutanjia, uliza kila programu: wanafunzi wanapelekwa hospitali ya forensiki ya jimbo kuanzia mwaka wa ngapi? Wanamaliza na ripoti jumuishi ngapi? Kwenye fomu ya APPIC, wanaoratibu maombi ya intaneshipu, ripoti haihesabiwi jumuishi kama haina historia, mahojiano na vipimo visivyopungua viwili. Profesa wa unyogovu si kikwazo, mradi kuna msimamizi wa forensiki kituoni.

Mama Ripoti: Na aulize kama wanafunzi wanafundishwa kuanza mahojiano. Kabla ya swali lolote mshtakiwa aambiwe nani ameagiza tathmini, kwamba anayemhoji si mtabibu wake, na kwamba atakayosema yanaweza kuingia kwenye ripoti. Kisha aombwe arudie kwa maneno yake, na maneno hayo yaandikwe. Anayeruka hatua hii hupigwa maswali na wakili hadi ripoti ionekane takataka.

Mzee wa Vipimo: Mimi ningeangalia wanafundisha PCL-R, kipimo cha saikopathi (haiba isiyo na huruma wala majuto), kwa kina gani. Vipengele 20, kila kimoja 0 hadi 2, na kizingiti cha kawaida cha kumhesabu mtu saikopathi ni 30.

Kizimba: Mzee, swali la uwezo wa kujibu mashtaka halihitaji PCL-R. Kigezo cha kisheria cha kesi ya Dusky ya 1960 kinauliza kama mshtakiwa anaelewa kesi na anaweza kushauriana na wakili wake. Kubandika alama ya saikopathi humo ni kumchafua mtu bure.

Mzee wa Vipimo: Sijasema itumike huko. Kuna tathmini za hatari ya vurugu pia.

Daktari Mtarajiwa: Kwa hatari ya vurugu, HCR-20, mwongozo wa kukadiria hatari hiyo, inampa hakimu picha ya jinsi ya kumsimamia mtu. PCL-R inampa namba tu.

Mzee wa Vipimo: Namba inayotetewa mahakamani. Haya, tuambie makadirio ya HCR-20 kati ya watathmini wawili yanapotofautiana unafanyaje?

Mtafutanjia: Nimewaandikia PsyD wanitumie barua ya ithibati. Bado kimya.