Waandishi wa tamthilia, sisi maafisa ustawi tumewakosea nini?

Wakuu, nimevumilia sana ila jana uzalendo umenishinda.

Nipo sebuleni na familia, tamthilia inaendelea. Afisa ustawi wa jamii anashuka kwenye V8, suti na miwani ya jua, anaingia kwa mama mjane, anamkwapua mtoto palepale. Mama anagaagaa chini. Mke wangu ananigeukia: "Baba Nuru, kumbe ndiyo kazi yenu?"

V8! Mwaka wa tisa huu nafuata wateja kwa bodaboda, nauli yangu mwenyewe. Na mtoto habebwi kama kuku wa mnadani. Kuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009: unachunguza, unaandika taarifa, unaenda mahakamani, hakimu ndiye anayetoa amri. Mnaona haina msisimko? Njooni mkae kwenye lile benchi na mama asiyejua kama atarudi nyumbani na mwanawe.

TASAF, ule mfuko wa serikali unaozipa kaya maskini ruzuku, ndiyo kabisa. Kwenu mnufaika ni mlevi, au hawara wa mwenyekiti wa mtaa. Majina ya kaya maskini yanapelekwa kwenye mkutano wa hadhara, majirani wanaumbuana mchana kweupe nani ana bati na nani hana. Mtoto akitoroka shule, ruzuku ya nyumbani inakatwa. Hapo kuna misimu mitatu ya tamthilia, hakuna aliyegusa.

Sisemi sisi malaika. Mwaka 2017 watumishi 9,932 walikutwa na vyeti feki. Wezi wapo, waonyesheni tu. Lakini kila mtumishi wa umma lazima awe na kitambi, nyumba ndogo na bahasha ya kaki?

Mtaniambia ni burudani tu. Mwezi uliopita bibi mmoja alikuja ofisini kwa ajili ya msamaha wa matibabu. Umri umeshavuka 60, kipato hana, ni haki yake kabisa. Hata hajakaa, akanisukumia bahasha chini ya faili. Elfu kumi, noti za elfu mbili mbili.

"Bibi, nani kakwambia ulete hii?"

"Si ndivyo mnavyotaka, mwanangu? Naonaga kwenye luninga kwa mjukuu wangu."

Alikuwa ameuza jogoo. Hela nilimrudishia. Jogoo alishaliwa.