Ulinganisho: Poitier, Eastwood au Redford, yupi tumpe Ijumaa zetu tatu?

Mpiga_Projekta

Wakuu, salaam. Kikundi chetu cha kutazama filamu kimepata ukumbi kwa Ijumaa tatu mfululizo, na tumekubaliana zote ziende kwa mtu mmoja: mwigizaji wa Kimarekani aliyejulikana dunia nzima akiwa mbele ya kamera, kisha akapita nyuma yake akawa mwongozaji. Mezani yamebaki majina matatu: Sidney Poitier, Clint Eastwood na Robert Redford.

Watazamaji wetu ni mchanganyiko. Kuna wanafunzi wa chuo, kuna wazee waliokulia kwenye majumba ya sinema, na kuna vijana ambao wakiona picha isiyo na rangi tu wanatoa simu mfukoni. Msiniandikie orodha ya tuzo, hizo nimeshazisoma. Nataka kujua maisha ya yupi, ukiyaweka kwenye filamu tatu, mtu anaiona safari yenyewe.

Kauboi_Mstaafu

Mkuu, hili nalo la kuuliza? Eastwood!

Kazaliwa San Francisco, 31 Mei 1930. Mwaka 1959 akapata nafasi kwenye Rawhide, tamthilia ya wachunga ng'ombe ya televisheni ya CBS, na hapo pengine angezeekea. Lakini Mwitaliano Sergio Leone alikuwa anatafuta steringi wa bei nafuu, wakubwa wote wamemkatalia, kijana akapanda ndege kwenda Hispania. Kati ya 1964 na 1966 wakatoa filamu tatu, na mpaka leo hakuna mzee aliyepita majumba ya sinema ambaye hajui kukunja macho kama yule jamaa.

Akili yake ilionekana 1967, alipofungua kampuni yake mwenyewe, Malpaso. Hakusubiri kuitwa. Mwaka 1971 akaongoza filamu yake ya kwanza, Play Misty for Me, habari za mtangazaji wa redio anayeandamwa na msikilizaji wake, na mwaka huohuo akatoka kwenye Dirty Harry. Baadaye Unforgiven ya 1992, ambayo kwangu ni mtu mzima anayezishitaki filamu zake za ujanani: bunduki ileile, lakini sasa anayeuawa analia na anaomba maji. Ikampa Oscar ya uongozaji. Akairudia kwa Million Dollar Baby, akiwa na miaka 74, na hajatokea aliyeichukua akiwa mzee zaidi yake.

Filamu zako tatu: The Good, the Bad and the Ugly, Unforgiven, Million Dollar Baby. Funga uzi.

Kaa_la_Moto

Usifungwe, ndiyo kwanza nimekaa.

BintiWaMrima

Kauboi tumekusikia, ila mwenye uzi kauliza safari, na kwa safari hao wawili hawamkuti Poitier.

Wazazi wake walikuwa wakulima wa nyanya wa kisiwa cha Cat, Bahamas. Walivuka kwenda Miami kuuza mzigo, mtoto akazaliwa hukohuko kabla ya miezi kutimia, Februari 1927. Uraia wake wa Marekani ulianzia hapo. Akarudishwa kisiwani akakulia huko. Alipofika miaka 15 wakampeleka Miami kwa kaka yake, ubaguzi wa kule ukamshinda, na akiwa na 16 alikuwa New York akiosha vyombo mgahawani. Alipokwenda kujaribu bahati American Negro Theatre, kundi la maigizo la Weusi, walimtoa jukwaani kwa aibu: anasoma kwa kudonoadonoa, na lafudhi yake ya visiwani haieleweki. Akanunua redio akawa anawaiga watangazaji. Kusoma alifundishwa na mhudumu mzee wa Kiyahudi pale mgahawani, aliyekaa naye na gazeti usiku kazi ikiisha. Kisha akarudi kwenye lile kundi, akajitolea kuwafagilia ili wamfundishe.

Aprili 1964 mtu huyo alipanda jukwaani kuchukua Oscar ya mwigizaji bora kwa Lilies of the Field, filamu ya fedha kidogo iliyopigwa kwa siku 14 huko Arizona. Mwanamume Mweusi wa kwanza kuipata. Wa pili alikuwa Denzel Washington, mwaka 2002. Hebu hesabuni wenyewe.

Ninalotaka kusema lakini ni hili. Mwaka 1967 alikuwa na filamu tatu sinema kwa mpigo: To Sir, with Love, In the Heat of the Night na Guess Who's Coming to Dinner. Watu walipanga foleni, na ndani ya mwaka huohuo gazeti la New York Times likachapisha makala ya mwandishi Mweusi, Clifford Mason, akiuliza kwa nini Wazungu wa Marekani wanampenda mtu huyu kiasi hicho. Hoja yake ilikuwa kwamba Poitier amekuwa Mweusi asiye na kosa, asiye na hasira, asiye na mapenzi, aliyetengenezwa ili mwenye nyumba asiogope kumfungulia mlango. Iliuma, maana ilikuwa na ukweli ndani yake. Katika Guess Who's Coming to Dinner anamchumbia binti wa Kizungu, na ili akubalike imebidi awe daktari mwenye sifa za kujaza ukurasa mzima.

Eastwood alipita nyuma ya kamera kwa sababu alitaka kumiliki kazi yake. Poitier alipita kwa sababu aliulizwa swali mbele ya watu wote na jibu lake halikuwa la maneno.

Njoro_wa_Ngong

Hamjambo ndugu zangu. Nilikuja kumtetea Redford, maana sisi huku alitutembelea. Out of Africa, 1985, yeye na Meryl Streep, Sydney Pollack akiongoza, na vilima vya Ngong vikiiba kila picha. Oscar saba. Redford anamcheza Mwingereza, Denys Finch Hatton, kwa lafudhi ya Kimarekani bila hata kujali, na Waafrika waliomo wanabeba vitu. Nikiwa mkweli, sioni fahari ya kuwaonyesha vijana.

Upande wa kuongoza alianza na Ordinary People, 1980, yeye mwenyewe hamo, na papo hapo akachukua Oscar ya uongozaji. Heshima kubwa. Ila urithi wake mkubwa haumo kwenye filamu hata moja, umo kwenye Sundance, taasisi aliyoianzisha kule milimani Utah, 1981. Waongozaji wengi wasio na jina wala godfaza walipitia pale. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 taasisi hiyo ilileta hata karakana ya michezo ya kuigiza kisiwani Manda, Lamu. Amefariki Septemba 2025, Mungu amrehemu. Lakini taasisi huwezi kuirusha ukutani Ijumaa usiku, kwa hiyo kura yangu naiondoa kwake, na nitarudi kusema naipeleka wapi.

MwlFasihi

Naomba tutenganishe mambo mawili, la sivyo tutabishana mpaka kesho.

Ukiniuliza nani mwongozaji bora, ni Eastwood, tena mbali. Anapiga picha haraka, anaridhika na mara ya kwanza au ya pili, na hapigi kelele kuanzisha tukio, tabia aliyoitoa kwenye Rawhide, ambako farasi walikuwa wakishtuka. Alithubutu kutengeneza Letters from Iwo Jima kwa Kijapani. Alimwongoza Forest Whitaker kwenye Bird, 1988, Whitaker akapewa tuzo ya uigizaji Cannes. Huyu ndiye Whitaker aliyekwenda Uganda baadaye kumcheza Idi Amin, wanaokumbuka. Sasa mleteni Poitier mwongozaji hapo. Hanky Panky? Ghost Dad ya 1990? BintiWaMrima, nakuheshimu dada yangu, ila Ghost Dad haitetewi.

BintiWaMrima

Siitetei, Mwalimu, wala nisingemshauri mtu aiweke. Lakini umeruka miaka kumi.

Buck and the Preacher, 1972. Ilikuwa na mwongozaji mwingine, Joseph Sargent. Upigaji picha ulipoanza kule Durango, Mexico, Poitier na rafiki yake Harry Belafonte wakaona hadithi inapotea mikononi mwake. Wakamwondoa, Poitier akashika kazi bila kuwahi kuongoza hata tangazo. Ni kauboi, tena kauboi wa namna yake: vita ya wenyewe kwa wenyewe imekwisha, watumwa walioachiwa huru wanakimbilia magharibi kwa mikokoteni, na nyuma yao kuna genge la Wazungu lililotumwa na wenye mashamba wa Louisiana kuwarudisha wakavune. Poitier ndiye mpelelezi wa njia, Belafonte ni mhubiri tapeli mwenye bastola ndani ya Biblia. Hakuna anayeomba kufunguliwa mlango humo. Wana farasi, wana bunduki, na wanarudisha.

Kisha Uptown Saturday Night, 1974: wafanyakazi wawili wameibiwa pochi yenye tiketi ya bahati nasibu iliyoshinda, wanaitafuta mji mzima. Belafonte anamcheza bosi wa genge kwa kumwigiza Marlon Brando wa The Godfather, utacheka mpaka mbavu. Mwaka 1980 akaongoza Stir Crazy, Gene Wilder na Richard Pryor, ikapita dola milioni 100 mlangoni. Hakuna mwongozaji Mweusi aliyekuwa amefika hapo kabla yake.

Mtu aliyeitwa mtakatifu wa Wazungu akaenda kuwatengenezea watu wake vichekesho. Kamera yake haina ufundi wa Eastwood, sawa. Ila ukitazama To Sir, with Love halafu Uptown Saturday Night, unaona mtu kavua tai.

Kauboi_Mstaafu

Ngoja kwanza. Poitier ana kauboi na hamkusema tangu asubuhi?

Kaa_la_Moto

Mzee kaanza kuyumba hahaha. Swali dogo kwa mwenye uzi: Uptown Saturday Night yumo Bill Cosby, na ni mmoja wa wale wawili, hakwepeki. Alitiwa hatiani 2018 kwa shambulio la kingono, hukumu ikafutwa 2021. Ukumbini kwenu kuna akina mama na mabinti. Mmeliwaza hilo?

Mpiga_Projekta

Tumeliwaza tangu uliposema, na jibu ni kwamba naiacha. Stir Crazy ni ya Poitier mwongozaji pia, inachekesha, na Pryor anatosha.

Mpaka hapa naelekea hivi: In the Heat of the Night, Buck and the Preacher, Stir Crazy. Wazee watapata farasi, vijana watapata rangi zao. MwlFasihi?

MwlFasihi

Bado nasema mnachagua maisha badala ya filamu. Lakini ndicho ulichouliza, kwa hiyo siwezi kulalamika. Angalizo: filamu ya tatu Poitier haonekani hata mara moja. Waambie watu mapema, wasije wakakaa dakika mia wakimsubiri.

Njoro_wa_Ngong

Nimerudi na kura yangu, ni ya Poitier, ila orodha yako naipinga. Umeruka filamu aliyokuja kuipigia Kenya.

Something of Value, 1957, mwongozaji Richard Brooks. Ilipigwa wakati wa Hali ya Hatari, Mau Mau wakiwa bado msituni. Poitier ni Kimani, aliyekua shamba moja na mtoto wa mlowezi, anachezwa na Rock Hudson. Wako mawindoni, shemeji wa Hudson anamchapa Kimani kofi kwa kujiona sawa nao. Kimani analimeza, anaondoka, na njia inaishia msituni. Miaka kumi baadaye, In the Heat of the Night, mwenye shamba la pamba anamchapa kofi mpelelezi Tibbs, ambaye ndiye Poitier. Tibbs anamrudishia kabla hata hajashusha mkono. Kuna ubishi kama kofi hilo lilikuwa kwenye mswada tangu mwanzo au Poitier ndiye aliyelidai, na siingii humo. Lakini filamu hiyo walikubaliana ipigiwe Illinois, kaskazini, kwa kuwa Poitier hakutaka kulala Kusini. Mwaka 1964 yeye na Belafonte walipeleka fedha za wapigania haki Greenwood, Mississippi, dola 70,000, na magari ya Klan, kundi la Wazungu wabaguzi, yakawafukuza usiku.

Jingine la kuwaambia vijana wako. Mwaka 1959 Tom Mboya alipokuwa anahangaika kutafuta nauli za wanafunzi kwenda vyuo vya Marekani, barua ya kuwaomba Wamarekani wachange ilitiwa saini na watatu: Jackie Robinson wa besiboli, Belafonte na Poitier. Septemba hiyo wanafunzi 81 walitua New York.

BintiWaMrima

Njoro, barua naiunga mkono, isomwe kabla taa hazijazimwa. Something of Value naiogopa. Imetoka kwenye riwaya ya Robert Ruark, na macho yake ni ya mlowezi: kiapo cha Mau Mau kinaonyeshwa kama uchawi, ardhi iliyonyang'anywa haisemwi ipasavyo. Poitier anaubeba utu wa Kimani peke yake, filamu haimsaidii. Halafu haina rangi, simu zitatoka.

Njoro_wa_Ngong

Ndiyo hasa sababu ya kuionyesha. Huyo ni Poitier asiyeweza kubadilisha chochote, analipwa aseme maneno ya wengine kuhusu watu wetu. Ukiificha, Buck and the Preacher itaonekana sinema ya farasi tu. Kama nzima haifai, onyesheni kipande cha kofi Ijumaa ya kwanza, kisha In the Heat of the Night ifuate bila maelezo.

Mpiga_Projekta

Hilo la kipande nalichukua. Naendelea kutafuta nakala safi ya Buck and the Preacher, mwenye nayo anitumie ujumbe wa faragha. Na Kauboi, viti vya mbele ni vya wazee, njoo mapema.

Kauboi_Mstaafu

Nakuja. Unforgiven nabeba kwenye flashi, endapo umeme au nakala yenu italeta shida.