Hema jepesi lisilo na sakafu kwa mawindo ya milimani: kitambaa kipi?

Swali
Wakuu, naomba ushauri. Safari ni ya siku 6, watu wawili, kambi iko juu miti inakokoma na mzigo wote uko mgongoni. Nataka piramidi isiyo na sakafu. Nichukue nailoni yenye silikoni, poliesta au Dyneema (kitambaa chepesi cha nyuzi imara sana)? Na jiko la kuni lina maana?

Jibu la 1
Mkuu, usipime kitambaa peke yake. Jumlisha vigingi 8 hadi 10, kamba na kitandiko cha chini, maana hivyo vyote huongeza gramu 300 kwa urahisi.

Nailoni haichaniki ovyo, ila hunywa maji na kulegea. Hema lililokazwa kama ngoma jioni, mvua ikinyesha usiku linakulalia usoni. Likaze upya kabla hujalala. Poliesta hailegei kiasi hicho, ingawa kwa uzito uleule huchanika upesi zaidi. Dyneema ndiyo nyepesi kuliko zote na hainywi maji, lakini ni ghali na haivutiki: kigingi kimoja kikikaa vibaya, ukuta mzima unakunjamana na kupigwa na upepo. Kwa safari kama hiyo ningechukua poliesta.

Jibu la 2
Naongezea upande wa vigingi, kwa sababu huko ndiko hema huangukia. Piga kona 4 kwanza, ziwe mraba kamili lakini zilegee kidogo, kisha simamisha nguzo, ndipo ukaze. Ukikaza kona mapema, nguzo haisimami wima.

Penye mwamba kigingi hakiingii. Refusha kamba, zungushia kitanzi kwenye jiwe la ukubwa wa ngumi mbili, halafu weka jiwe zito juu ya kamba, upande wa hema. Hema likivuta, jiwe dogo linakwama nyuma ya lile kubwa. Epuka mawe yenye kingo kali, upepo hufanya kamba isuguliwe hadi ikatike.

Jibu la 3
Jiko liache. Miti ikikoma, kuni nazo zimekoma. Kambi ikishuka msituni ni sawa, lakini hema liwe na tundu la bomba lililoshonwa kwa kitambaa kisichoshika moto, na moto uzimwe kabla ya kulala, kwa kuhofia kaboni monoksidi, gesi ya sumu itokayo motoni. Dyneema na jiko haviendani: nyuzi zake ni polietilini, huyeyuka karibu nyuzijoto 150, wakati nailoni huvuka 210.

Kinachosumbua zaidi ni mvuke wa pumzi kugeuka matone ukutani. Acha nafasi ya sentimita 5 hadi 10 chini, fungua tundu la kileleni, na usipige kambi bondeni ambako hewa baridi hutuama. Kitandiko kisitokeze nje ya ukingo, kitakusanya maji ya mvua na kuyaleta chini yako.

Muuliza swali
Asanteni sana. Piramidi ninayoitazama inataka nguzo ya sentimita 165, nami nina fimbo mbili za kutembelea.

Jibu la 2
Zinatosha. Vuta kila moja ifike sentimita 110, zipishanishe kwa 55, funga kwa mikanda miwili. Vishikio vielekee juu na chini, ncha kali zibaki katikati, ili kilele kisitobolewe na nguzo isizame ardhini. Chini weka jiwe bapa.